Gobori za Kasongo: bunduki, baruti na vita vya Maniema ya kusini

Gobori, bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu, ndiyo silaha iliyowafungulia wafanyabiashara wa pwani njia ya kuingia Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, na ndiyo iliyowaangusha ilipokutana na bunduki iliyoipita. Mambo yote mawili yalitokea ndani ya miaka isiyofika 30. Historia ya Kasongo na Kabambare husimuliwa zaidi kwa majina ya wakubwa: Tippu Tip, mwanawe Sefu, Rumaliza wa Ujiji, Ngongo Lutete wa Watetela. Lakini nguvu za watu hao zilikaa ndani ya mtutu wa chuma, na mtutu una masharti yake. Asiyejua jinsi bunduki hiyo ilivyofanya kazi hawezi kueleza vizuri kwa nini Kasongo ilikuwa mji mkubwa mwaka 1892, na kwa nini ilianguka Aprili 1893.

Gobori ni mashine ya moto. Ina sehemu inayowasha, sehemu inayochoma, na sehemu inayogeuza nguvu ya mvuke wa moto kuwa mwendo. Sehemu ya kuchomea ni nyuma kabisa ya mtutu, ambako bomba limezibwa kwa parafujo nene. Hapo ndipo baruti inapokaa. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Kwa kawaida shura ni robo tatu ya uzito wote, makaa takriban asilimia 15, kiberiti asilimia 10. Makaa ndiyo kuni zake. Kiberiti hufanya moto ushike kwa wepesi. Shura inabeba oksijeni ndani yake, na kwa sababu hiyo baruti huweza kuungua mahali palipozibwa bila kungoja hewa ya nje. Ikiungua katika nafasi ndogo hutoa gesi nyingi yenye joto kali, nayo gesi husukuma pande zote. Chuma cha mtutu hakisogei, parafujo ya nyuma haisogei; kinachoweza kusogea ni risasi peke yake, basi hukimbilia mdomoni.

Urefu wa mtutu unatokana na jambo hilohilo. Kadiri risasi inavyoendelea kusukumwa ndani ya bomba, ndivyo mwendo wake unavyozidi. Mtutu mfupi huiachia risasi mapema, na sehemu ya nguvu ya baruti hupotea hewani kama moshi na mlio. Gobori za biashara zilikuwa ndefu, mara nyingi zikimfikia mtu mzima kifuani, na urefu huo ulikuwa faida.

Udhaifu mkubwa ulikuwa katika nafasi kati ya risasi na ukuta wa mtutu. Ili risasi iweze kushuka kwa urahisi kutoka mdomoni mpaka chini, ilibidi iwe nyembamba kuliko bomba. Gesi ilipenya pembeni ikatoroka, na risasi ilitoka ikigongagonga kuta za ndani, kwa hiyo mwelekeo wake ulitegemea mgongano wa mwisho. Ndani ya mtutu hakukuwa na mifuo ya kuizungusha. Ndiyo maana mpigaji wa gobori aliweza kumlenga mtu kwa uhakika akiwa hatua chache tu. Kupita mita 100 risasi ilikwenda inakotaka. Dhidi ya kundi lililosongamana kasoro hiyo haikujalisha sana. Dhidi ya mtu mmoja aliyejificha nyuma ya kichuguu, ilijalisha kuliko kitu kingine chochote.

Sehemu ya kuwashia ilipitia aina tatu katika historia ya bunduki, na Waswahili walizijua zote. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa unawaka muda wote. Bunduki ya gumegume ilipiga jiwe kwenye chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyowekwa kwenye kisahani cha nje, moto ukapita katika tundu mpaka ndani. Ya tatu ilikuwa ya fataki: kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya zebaki inayolipuka ikigongwa. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Mskoti Alexander Forsyth, aliyepata hati ya ugunduzi wake mwaka 1807, na kufikia katikati ya karne majeshi ya Ulaya yalikuwa yameikubali. Fataki ilivishwa kwenye chuchu ya chuma iliyotobolewa mpaka ndani ya chumba cha baruti. Mpigaji alivuta nyundo nyuma, kamani ikajikaza, kijino kikaishikilia. Alipobonyeza kifyatulio, kijino kiliachia, nyundo ikaanguka juu ya fataki, na ulimi wa moto ukapita katika tundu la chuchu.

Kupiga mara moja kulihitaji kazi nyingi za mikono. Mpigaji alisimamisha bunduki, kitako chini. Alimimina baruti kwa kipimo, kipimo ambacho mzoefu alikikisia kwa kiganja. Alitia kizibo cha nyuzi au kitambaa, akachomoa mdeki, fimbo ya kushindilia, na kushindilia. Alitia risasi, au marisau, au vipande vya chuma na shaba pale risasi ilipokosekana, akatia kizibo cha pili ili vitu visimwagike mtutu ukiinamishwa, akashindilia tena. Alirudisha mdeki mahali pake, kwa maana aliyeusahau ndani aliupiga ukaenda zake, akabaki na fimbo tupu. Ndipo alipovuta nyundo nusu na kuvisha fataki. Askari aliyefundishwa sana aliweza kufanya haya yote mara mbili kwa dakika, pengine tatu. Katika fujo ya vita msituni mtu wa kawaida hakufika hapo. Na kazi hiyo ilifanywa kwa kusimama au kupiga magoti, kwa sababu baruti haimiminiki juu kwa mtu aliyelala kifudifudi.

Silaha hiyo yenye mapungufu mengi ilitosha kubadilisha nchi. Kabla yake, watu wa kati ya Lualaba na Ziwa Tanganyika walipigana kwa mikuki, ngao, pinde na mishale. Mlio na moshi vilitisha, na jeraha la risasi ya milimita 15 au zaidi halikuwa na dawa. Katika miaka ya 1860 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Unguja anayejulikana kama Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itabwa, chifu aliyekuwa na watu wengi kuliko msafara wake mara nyingi, na kumnyang'anya shehena kubwa ya pembe za ndovu. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe, anasema jina lake lilitoka kwa watu walioigiza mlio wa bunduki zake.

Kabambare iliingia katika njia za misafara mapema. David Livingstone, aliyeandika jina lake kama Bambarre, alifika huko Septemba 1869 pamoja na wafanyabiashara wa pwani, akakwama miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Alipoendelea mpaka Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba kaskazini-magharibi ya Kasongo, alishuhudia mwezi Julai 1871 watu wachache wenye bunduki wakianza kulipiga risasi soko lililojaa wanawake. Wengi walizama wakikimbilia mitumbwi. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tukio hilo linaonyesha wazi kuliko vita yoyote gobori ilikuwa na nguvu wapi: karibu, juu ya umati usio na pa kukimbilia.

Tippu Tip aliweka makao yake Kasongo takriban mwaka 1875. Chini yake mji ulikua, ukawa na nyumba za udongo zenye baraza, mashamba ya mpunga na miwa, michungwa na mipera. Msingi wa utawala wake ulikuwa mgawanyo wa bunduki. Vijana waliotekwa walilelewa, wakasilimu wengi wao, wakapewa gobori na kuitwa waungwana. Viongozi wa wenyeji waliokubali kumtii walipewa bunduki na baruti, nao wakaleta pembe na watumwa. Ngongo Lutete alipanda kwa njia hiyo, akawa mkuu mwenye jeshi lake mwenyewe kwenye mto Lomami. Hapa panafaa kutazamwa kwa makini. Bunduki ukishaitoa huwezi kuirudisha kwa urahisi, ila baruti na fataki huisha. Aliyeshika ghala la baruti aliwashika wote waliokuwa na bunduki, na ghala hilo lilikuwa Kasongo.

Maniema ilikuwa na wahunzi hodari, nao waliweza kurekebisha kitako kilichovunjika au kufua vipande vya chuma vya kupigia. Lakini baruti, fataki na mitutu vilitoka ng'ambo. Mataifa ya Ulaya yalipobadilisha silaha za majeshi yao baada ya miaka ya 1860, gobori zao za zamani ziliuzwa kwa bei rahisi, na mafundi wa Liège nchini Ubelgiji walitengeneza nyingine nyingi kwa ajili ya masoko ya Afrika. Katika miaka ya 1880 zilishuka Zanzibar kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Kutoka pwani, vipipa vya baruti vilibebwa vichwani na wapagazi kupitia Tabora mpaka Ujiji, vikavushwa ziwa kwa jahazi na mitumbwi hadi Mtowa, vikapanda milima kuelekea Kabambare, na mwishowe vikateremka Kasongo. Kwa hiyo Kabambare haikuwa kijiji cha kupumzikia tu. Ilikuwa mlango wa mashariki wa Kasongo, na aliyeufunga mlango huo alikuwa amekata baruti ya nchi nzima ya Lualaba.

Mlango huo ulianza kufungwa kutoka mbali. Mwishoni mwa 1888, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, meli za Ujerumani na Uingereza zilizuia pwani na kukataza silaha kuingia. Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa serikali na wale walioruhusiwa nazo. Gumegume na baruti ya kawaida ziliruhusiwa kwa masharti na kupitia maghala ya serikali. Mkataba ulipewa sura ya kupambana na biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa na lengo hilo. Lakini matokeo yake Maniema yalikuwa kwamba upande mmoja tu uliweza kupata silaha mpya. Tippu Tip, aliyekubali mwaka 1887 kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji huko Stanley Falls, aliondoka kwenda pwani mwaka 1890, akamwachia Sefu Kasongo. Huenda aliliona lililokuwa linakuja.

Silaha ya kawaida ya askari wa Force Publique, jeshi la Dola Huru ya Kongo, ilikuwa Albini, bunduki ya Kibelgiji ya mwaka 1867. Tofauti yake na gobori ilianzia nyuma ya mtutu. Badala ya parafujo isiyofunguka, kulikuwa na kifuniko chenye bawaba kilichoinuliwa kwa kidole. Mpigaji aliingiza risasi iliyokwisha kufungwa pamoja na baruti na fataki yake ndani ya ganda moja la shaba, akafunga, akavuta nyundo, akapiga. Akifungua tena, ganda tupu lilitolewa nje. Siri kubwa ilikuwa katika ganda lenyewe. Baruti ilipowaka, shaba laini ilitanuka ikabana kuta za chumba, gesi isiweze kurudi nyuma usoni mwa mpigaji. Shinikizo liliposhuka, ilinywea na kutoka. Kwa kuwa risasi haikulazimika kuteremshwa kutoka mdomoni, iliwezekana kuifanya ijae kabisa mtutu, ishike mifuo iliyochongwa ndani kwa mzunguko, na itoke ikizunguka kama pia. Ilikwenda moja kwa moja kwa mamia ya mita. Askari aliweza kupiga mara nane au kumi kwa dakika, amelala chini, na kwenye mvua, maana ganda lilizuia maji.

Neno mvua lina uzito wake hapa. Shura huvuta unyevu, na Maniema ni nchi ya mvua nyingi. Vita vilipoanza Novemba 1892, Sefu alivuka Lomami kuja kumwadhibu Ngongo Lutete, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa amehamia upande wa Dola. Watu wa Sefu walikuwa wamejenga ngome huko Chige, kandokando ya mto. Siku ya shambulio mvua ilikuwa imenyesha. Ngongo Lutete, aliyeijua gobori kwa maisha yake yote, alifahamu kwamba baruti iliyokwisha kushindiliwa ingekuwa imelowa, na kwamba bunduki iliyolowa haiwezi kushindiliwa upya bila kwanza kutolewa kilichomo ndani. Shambulio lilifanywa papo hapo. Wengi wa walioshindwa walikufa maji wakijaribu kurudi ng'ambo ya Lomami.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Albini peke yake ilishinda. Askari wa Francis Dhanis, kamanda wa Dola, walikuwa mamia kadhaa tu. Maelfu waliokwenda nao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, wenye gobori zilezile zilizotoka Kasongo. Yeye ndiye aliyezijua njia, vivuko na desturi za adui. Bila watu hao Dhanis asingefika Lualaba. Wazee wa Kasongo walilipa kisasi kwa waliokuwa karibu: Lippens na De Bruyne, wawakilishi wa Dola waliokuwa wakiishi mjini humo, waliuawa Desemba 1892. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, kwa shambulio la ghafla lililomalizika upesi. Sidney Hinde, tabibu Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, aliandika kwa mshangao juu ya raha walizozikuta: vitanda, magodoro, bustani za machungwa, na ghala zilizojaa.

Ngongo Lutete hakuishi kuyafaidi. Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshtaki kwa uhaini huko Ngandu, wakampiga risasi. Ni tendo la dhulma ambalo Dola ililipia gharama yake kwa miaka iliyofuata.

Mwezi mmoja baadaye Rumaliza, yaani Muhammed bin Khalfan wa ukoo wa Barwani, alikuja kutoka Ujiji na jeshi lake, na hapo ndipo gobori ilipoonyesha ubora wake wa mwisho. Watu wake hawakupigana uwandani. Walijenga maboma: uzio wa magogo na udongo, handaki kuzunguka, na ndani mashimo yaliyofunikwa kwa miti na udongo mzito, ambamo mpigaji aliweza kushindilia bila haraka. Kwenye ukuta kama huo wepesi wa Albini haukusaidia. Anayeshambulia lazima aukaribie, na akishafika mita 30 gobori yenye marisau ni silaha mbaya kuliko bunduki yoyote ya mifuo. Katika mapigano ya Oktoba 1893 kwenye bonde la mto Luama, kamanda Ponthier alijeruhiwa akafa. Sefu naye aliuawa katika vita hivyo. Pande zote mbili zilizingirana kwa miezi.

Kilichoivunja hali hiyo ni mzinga. Dola ilileta mzinga wa Krupp wa milimita 75, na tofauti yake na bunduki ni kwamba kinachotoka kwake ni kombora, chuma chenye baruti yake ndani na kiwashio cha kuilipua kinapogonga. Katikati ya Januari 1894 kombora moja liliangukia ndani ya boma la Rumaliza, likawasha jengo, na moto ukaifikia ghala ya baruti. Boma liliteketea. Baruti iliyokuwa imebebwa kwa vichwa vya watu kutoka bahari ya Hindi ililipuka yote kwa dakika chache, na bila hiyo bunduki zilizobaki zilikuwa vyuma tu. Kabla mwezi huo haujaisha Kabambare ilikuwa mikononi mwa Dola, na Rumaliza amekimbilia upande wa Wajerumani.

Miaka minne baadaye Kabambare ilijifunza somo hilo kwa upande wa pili. Askari Watetela, ambao baadhi yao hawakusahau kifo cha Ngongo Lutete, waliasi Luluabourg Julai 1895. Kundi jingine, wengi wao Watetela, liliasi Februari 1897 kaskazini-mashariki, katika msafara wa Dhanis mwenyewe. Waasi hao walishuka kusini, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare pamoja na silaha zilizokuwamo. Safari hii pande zote zilikuwa na bunduki za kufunguliwa nyuma, na waasi walizitumia kwa nidhamu waliyofundishwa na Dola. Walichokosa ni maganda ya risasi. Gobori iliweza kupigwa kwa kipande cha shaba kilichofuliwa kijijini. Albini haikubali ila ganda lake, na ganda hilo hutoka kiwandani. Mwisho wa mwaka walifukuzwa mjini, wakaendelea kupigana kati ya Kabambare na ziwa kwa kile walichoteka njiani, hadi mabaki yao yalipovuka mwaka 1900 na kukabidhi bunduki kwa Wajerumani.

Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliyaweka katika sheria yale yaliyokwisha kujulikana vitani. Bunduki za kisasa zilibaki kwa askari na Wazungu. Mwafrika aliyekubaliwa kuwa na silaha alipewa kibali cha gobori ya fataki, kwa uwindaji, na baruti yake ilipimwa na kuandikwa kwenye daftari la serikali. Hivyo gobori ikaendelea kuonekana katika misitu na mbuga za Maniema muda mrefu baada ya Albini kuondolewa jeshini, ikishindiliwa kwa mdeki uleule, kwa ajili ya swala na nguruwe mwitu waliokuwa wakila mihogo.